Ilinca na Mama Aliyerudi kutoka Italia

Kila jioni, akimaliza kazi yake ya kumtunza na kumlisha bibi kizee mmoja, Galina aliketi jikoni mjini Bologna na kupiga simu nyumbani Moldova. Mama yake, Bibi Frosina, ndiye aliyepokea. Kisha uso wa Ilinca ulitokea kwenye kioo cha simu.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula."

"Na shule?"

"Nzuri."

Halafu Ilinca alikimbia kwenda kulisha mabata bukini wake. Basi, mazungumzo yao yaliishia hapo. Galina alipoondoka, baba wa mtoto alikuwa amefariki na Ilinca alikuwa na miaka mitano. Sasa alikuwa na miaka kumi.

Mwaka huo Galina alipata kibali cha kumchukua binti yake waishi pamoja Italia. Alipiga ukelele barabarani mpaka wapita njia wakageuka. Alinunua koti jekundu la mtoto. Akapanda basi dogo la kwenda kwao, na njia nzima hakufumba jicho kwa furaha.

Alifika siku ya Pasaka. Majirani walikuwa wamejaa uani.

"Kristo amefufuka!" walimpokea.

"Kweli amefufuka!" Galina aliitikia huku akicheka na kulia.

Bibi Frosina alitoka mbio, mikono imejaa unga wa mikate ya jibini. Wakakumbatiana. Kisha Galina akamtafuta binti yake kwa macho. Ilinca alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana kwenye simu.

"Karibu," Ilinca alisema, akanyoosha mkono kama anayemsalimia mwalimu.

Galina alimvuta, akaanza kumvalisha lile koti. Mkono haukupita. Lilikuwa koti la mtoto mdogo zaidi.

"Haidhuru! Tutanunua jingine hukohuko. Jumapili ijayo tunaondoka!"

"Nani anaondoka?" Ilinca aliuliza.

"Mimi na wewe!"

Ilinca akamtazama bibi yake. Bibi akainamisha kichwa. Mtoto akachomoka mbio, akashuka kwenye ghala la chini ya nyumba, palipowekwa viazi na mitungi ya matango ya siki. Akafunga komeo kwa ndani.

Galina aligonga, akabembeleza, akatisha. Wapi!

"Hukumwambia?" alimgeukia mama yake. "Umenifundishia mtoto kunikimbia!"

"Mimi nimemfundisha kula, kuoga na kusali," Bibi Frosina alisema. "Wewe umemfundisha kungoja. Kila mara nilimwambia unarudi wiki ijayo, hadi nikaona haya. Safari hii nikaogopa kusema neno."

Galina aliketi kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza aliwaza kurudi peke yake.

Jirani mmoja, Nastasia, alikwenda kumwita Zinaida, afisa ustawi wa jamii wa kijiji. Zinaida alimjua Ilinca vizuri. Ndiye aliyemsajili Bibi Frosina kuwa mlezi wake kisheria. Alikuja amevaa gauni la sikukuu na buti zenye tope. Aligeuza ndoo, akaketi karibu na mlango wa ghala.

"Ilinca, ni mimi, Zinaida. Sikuja kukutoa. Kaa humo hata wiki. Lakini usiyamalize matango, bibi yako atatuua sote."

Ndani kikasikika kicheko kidogo.

"Niambie, unaogopa nini?"

"Bata wangu. Nani atawalisha?"

"Na nini kingine?"

"Kule simjui mtu. Akinichoka tena, nitarudi vipi?"

Galina aliziba mdomo kwa kiganja. Kumbe miaka yote hiyo mtoto aliamini ameachwa kwa sababu alimchosha mama yake!

Zinaida alimvuta kando. "Umesikia? Mtoto si sanduku, useme unapakia huku na kushusha kule. Kibali chako kinaisha Jumapili?"

"Hapana. Likizo yangu ndiyo inayoisha."

"Basi omba iongezwe. Mwambie ukweli kwa nini uliondoka. Usimwahidi usichokiweza. Mwonyeshe atakapolala na atakaposoma kabla hajafika. Mimi nitawaandikia maafisa wenzangu wa kule, wamtafutie shule na mtu wa kumfundisha lugha."

"Na mimi je?" aliuliza Bibi Frosina.

"Ilinca anakutazama wewe. Akiona unalia kwa kificho, atadhani akiondoka anakusaliti. Mpe ruhusa kwa kinywa chako."

Bibi alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwani, akasogea mlangoni. "Ilinca! Nitakukumbuka mpaka nikonde, na kukonda kutanifaa. Lakini nataka uishi na mama yako. Nitabaki bibi yako hata ukihamia mwezini."

Galina naye akapiga magoti. "Baba yako alipofariki, hatukuwa na kuni wala dawa. Nilikwenda kutafuta kazi. Hukunichosha hata siku moja. Ila niliondoka umelala, sikukuaga. Hapo nilikosa, mwanangu. Nisamehe."

Komeo likalia. Ilinca alitoka na vumbi la viazi, macho mekundu. Hakumkumbatia mama yake.

"Kule kuna bata?" aliuliza.

"Wapo. Kwenye bwawa la bustani."

"Nionyeshe."

Galina alipiga simu Bologna. Binti wa yule bibi kizee alinung'unika, kisha akakubali. Galina akabaki kijijini mpaka cheri zilipoiva.

Ilikuwa kama kuzaa upya. Alijua sasa kwamba Ilinca hapendi maziwa ya moto, na kwamba akisoma huimba. Walitazama picha za chumba kipya, na Ilinca akachagua rangi ya kuta: kijani. Siku moja bata dume alimkimbiza Galina ua mzima.

"Mama, usikimbie! Simama!" Ilinca alipiga kelele, akicheka hadi akakaa chini.

Galina akasimama. Bata akamdonoa mguu. Hakusikia maumivu. Tangu aondoke, ilikuwa mara ya kwanza kuitwa Mama ana kwa ana.

Nastasia aliahidi kufuga wale bata bila kuwala. Kwa ushauri wa Zinaida, Bibi Frosina aliwasindikiza ili akae nao mpaka mwanzo mgumu upite.

"Frosina, unakwenda kutafuta mume?" majirani walimtania.

"Nikipata tajiri, nitawaletea ndugu zake!"

Ilinca alishika dirisha la basi kwa mikono miwili. "Mpaka uko wapi? Tumefika? Bado?"

Bibi alirudi kijijini shule zilipofunguliwa. Ilinca alikuwa ameshapata rafiki, na Zinaida aliendelea kupiga simu kuwajulia hali.

Jioni moja ya mvua Galina alichelewa kutoka kazini. Alimkuta Ilinca mlangoni, mikono kiunoni.

"Umechelewa! Supu imepoa! Ulishindwa hata kupiga simu?"

Galina alisimama na mwavuli unaovuja, akitabasamu.

"Unacheka nini, Mama? Nimekasirika!"

"Najua, mwanangu," alisema. "Nigombeze tu."