Damu Iliyoelekea Nyumbani

Damu ilikuwa haikauki. Hilo ndilo lililomshtua Kimya kwanza. Jua lilikuwa utosini, majani yamenyauka, lakini tone aliloligusa kwa kidole lilikuwa bichi na la moto, kama limedondoka sasa hivi.

"Si nilikwambia tungoje?" shemeji yake alinong'ona nyuma yake. "Kulungu aliyepigwa tumboni huachwa kwanza alale. Ukimfuata mapema unamkimbiza, anakwenda kufia mbali. Umenifundisha mwenyewe kazi hii, leo imekuwaje?"

Kimya, ambaye jina hilo hawakumpa bure, alizidi kuinamia damu. Tangu amzike mkewe, hakuweza tena kuketi akingoja kiumbe kife. Alikuwa amengoja vya kutosha kwenye benchi la hospitali.

Akachomeka kijiti penye damu, wasije wakapoteza alama ya mwisho, kisha akatafuta tone la mbele. Akaliona. Na jingine. Kulungu aliyejeruhiwa huteremkia kwenye maji au vichaka. Huyu alipanda, akakata shamba, akashika njia ya watu. Harufu ya damu ikaanza kuchanganyika na harufu ya mafuta ya nywele.

"Shemeji, unasikia harufu hiyo?"

"Nasikia." Shemeji alikuwa kaka wa marehemu, na wenye majini huletwa kwake awasomee. Lakini sasa alikuwa ametokwa na jasho jembamba. "Ni mafuta ya dada. Usiseme neno tena."

Damu ilivuka ua wa Kimya, ikapanda kizingiti, ikafuata ukumbi mpaka chumbani, ambako mlango alioufunga kwa mkono wake mwenyewe ulikuwa wazi kidogo, na ndani, kutoka kwenye kitanda alichoshindwa kukilalia tangu msiba, ilisikika pumzi inayokwaruza, inayopanda na kukatika na kupanda tena, pumzi ileile aliyoisikiliza hospitalini akiomba Mungu isikatike. Kimya akashika ukuta.

"Nisikilize," shemeji akamnong'oneza, akimtia kisu mkononi. "Huyo si mnyama, na si dada yangu. Ni jini lililovaa ngozi, ukalitoboa. Aliyejeruhi ndiye amalize. Taja jina la Mungu, ukate. Usilijibu. Usilipatie chochote, hata uzi. Ukilipatia, umelikaribisha."

Kimya akaingia.

Kulungu alikuwa amejilaza juu ya khanga ya marehemu, jicho kubwa likimtazama. Mdomo haukufunguka, lakini sauti ilitoka.

"Msemaji wangu," ikasema, kama mkewe peke yake alivyozoea kumtania. "Naomba maji."

Kimya akashusha kisu. Siku ya mwisho mkewe aliomba maji, daktari akakataza, naye Kimya akamtii daktari. Mwanamke yule alikufa midomo imepasuka.

Akatoka kwa mlango wa nyuma wa chumba, akachota kikombe mtungini, akarudi, akamnywesha kwa kiganja. Ulimi ulimkwaruza ngozi. Akangoja mpaka kikombe kikaisha. Kisha akampapasa shingo, akataja jina la Mungu, akakata, machozi yakimdondoka juu ya mkono uleule uliokata.

Walimzika nyuma ya nyumba, bila kugusa nyama. Shemeji akapita akisoma kila kona, akatoka chumbani ameshika kikombe.

"Umelipatia maji?"

"Najua hakuwa yeye, shemeji. Lakini alikuwa na kiu."

"Mungu wangu! Unajua ulichofanya? Sasa nitalitoa vipi, wakati wewe mwenyewe..."

Hakumaliza. Kutoka chumbani sauti iliomba tena, polepole, bila hasira, kama mgonjwa asiyependa kusumbua watu. Safari hii haikumwita Kimya.

"Kaka," ilisema. "Kaka, maji."

Shemeji alifungua kinywa asome. Midomo ilicheza, aya haikuja. Akakaa chini pale pale ukumbini kama mtoto, akamnyooshea Kimya kile kikombe.

"Mpelekee," akasema.