Kanzu za Alhamisi

Kitu gani kilichokuwa kikimkaba Usi koo kila Alhamisi? Salhiya alijiuliza swali hilo kwa wiki nyingi, wala hakupata jibu. Siku nyinginezo mdogo wake huyo wa miaka sita alikimbia vichochoroni Kiponda kama watoto wenziwe. Alhamisi alasiri, dada yake anapofua kanzu za kuendea msikitini kesho yake, Usi alishikwa na kikohozi mpaka akatapika.

Salhiya aliionea fahari kazi hiyo. Katika ua mdogo wenye kuta ndefu pande zote, alijifunga mtandio puani, akamimina dawa ya madoa ndani ya beseni, kisha akaongeza kifuniko kimoja cha dawa ya kusugulia choo. Hakufundishwa na mtu. Aliona choo kinavyong'ara, akadhani kanzu nazo zitang'ara vivyo hivyo. Zilitoka nyeupe kweli, ingawa zilichanika upesi, na Ami Kheir, mdogo wake baba yao, alisifiwa mtaa mzima kwa kanzu zake.

Alhamisi hiyo kikohozi kilipoanza, Ami Kheir alitoka chumbani, amevua kubadhi lake mguuni na kulishika mkononi.

"Unadeka tu wewe," alisema. "Mbona Jumatano hukohoi? Unaogopa kutumwa maji?"

"Sideki, Ami. Kifua kinaniwaka."

Kubadhi lilitua mgongoni, likatua tena begani. Usi alilia, na kila alipovuta pumzi kilio kilikatika kwa kikohozi. Akakimbilia kwa dada yake, akajikunyata sakafuni kando ya beseni.

"Dada, mwambie."

Majirani walikuwa wakichungulia madirishani. Aibu ikampanda Salhiya. "Hebu nyamaza, unatutia fedheha," alisema, akamzaba kofi lililomlaza chini. Kisha, kwa hasira zile zile, akamimina dawa ya choo bila kupima.

Beseni likafuka. Harufu ikamchoma Salhiya macho kama pilipili. Chini, Usi alijipinda, akaikwaruza shingo yake kwa kucha hadi ikatoka damu, na midomo yake ikawa ya kijivu. Kubadhi likamponyoka Ami Kheir.

"Mtoeni nje," Bi Maisara, mama yao, alipiga kelele kutoka jikoni. "Mtoeni penye upepo."

Ami Kheir alimbeba mbio hadi barabarani, na gari la jirani likawafikisha hospitali. Huko Usi alipigana na barakoa ya oksijeni. Aliing'oa, akampiga muuguzi ngumi ya shavu, mpaka mama na dada yake wakamshika mikono na miguu. Magharibi ilipoingia, kifua chake kilikuwa kimeanza kutulia.

Daktari Faiza aliuliza walikuwa wakifanya nini. Salhiya alieleza yote, na kofi hakulificha.

"Dawa hizo mbili zikikutana hutoa hewa ya sumu," daktari alisema. "Hewa hiyo ni nzito, hushuka chini. Wewe umesimama, umejifunga mtandio. Yeye amekaa sakafuni, anaivuta yote." Akamgeukia Ami Kheir. "Na mtoto akisema kifua kinamwaka, huulizwa, hapigwi. Weupe wa nguo haununuliwi kwa pumzi ya mtu."

Ami Kheir aliinamisha kichwa. "Nimemkosea mwanangu," alisema, akaushika mguu wa Usi juu ya kitanda na hakuuachia.

Alhamisi iliyofuata, Salhiya aliwaita uani mama yake na ami yake. Usi alikuwa amekaa juu ya ngazi, akila embe mbichi kwa chumvi.

"Shikamooni."

"Marahaba. Unatuita kama hakimu," Ami Kheir alisema.

"Ami, mama, nnataka mjue. Dawa ya choo itakaa chooni, na ya madoa haiingii tena nyumba hii. Kanzu nnafua kwa sabuni ya mche na buluu ya nguo kidogo, na naanika juani. Itakayobaki na doa, mtaivaa na doa lake."