Aliyegusa Mlango Kwanza

Siku ambayo Mama Kicheko hakurudi nyumbani ilianza kama siku zote, ila tuta halikuwepo barabarani.

Wajenzi walikuwa wameling'oa jana yake. Barabara kuu ilikuwa imepanuliwa, na lami yake ilikuwa nyeusi na laini. Watu wengi walifurahi. Ni wanawake wauza nyanya na vitunguu tu waliotazama pale lilipokuwa tuta, wakaguna.

Kwa miaka mingi tuta lile lilikuwa duka lao. Malori ya safari ndefu yalipolifikia yalipunguza mwendo. Wanawake walikimbia kando ya malori, beseni kichwani, mkono mmoja umenyooshwa. Walikuwa na sheria moja: aliyegusa mlango wa lori kwanza ndiye muuzaji. Wengine walirudi nyuma bila ugomvi. Sheria hiyo ilizuia matusi, na wote waliiheshimu.

Mama Kicheko aliwashinda wote kwa mbio. Alikimbia huku akicheka, ndiyo maana wakampa jina hilo. Mumewe, Fundi Upepo, aliziba pancha na kujaza tairi upepo katika ua wao mpana, ng'ambo ya mtaro wa barabara. Hakuhitaji kuinua kichwa ili ajue mkewe yuko wapi. Alimsikia.

Asubuhi ile fundi alikuwa akitafuta tundu kwenye mpira wa ndani wa tairi. Karai lake la maji lilikuwa linavuja.

"Niazime beseni lako kidogo," alimwambia mkewe.

"Thubutu! Beseni la nyanya utumbukize mipira yako? Wateja watasema nyanya zangu zinanuka gundi."

"Nitaliosha."

"Nikizeeka nikashindwa kukimbia, nitakuachia. Kwa sasa, hapana!"

Akajitwika beseni, akavuka mtaro, akicheka.

Lori la kwanza lilikuja. Halikupunguza mwendo, kwa kuwa hapakuwa na tuta tena. Lakini miguu ya wanawake ilikuwa bado na mazoea ya zamani. Fundi alisikia kicheko. Kisha akasikia breki. Kisha hakusikia kicheko.

Dereva alirudi kwa miguu kutoka mbali, mikono kichwani. "Alinyoosha mkono tu," alisema. "Mama yule alinyoosha mkono tu." Alirudia maneno hayo mpaka askari walipofika.

Baada ya mazishi wanawake walirudi barabarani. Wangefanyaje? Nyanya haijui msiba. Ikiiva, imeiva. Walikimbia kama zamani, ila sasa malori yalipita kwa kasi, na mabeseni yalirudi nyumbani yamejaa.

Fundi Upepo alijaza matairi ya watu. Yeye mwenyewe alikuwa kama tairi lililotoka upepo. Watu walimwambia, "Jikaze, mwanamume." Aliitikia, lakini hakujua ajikaze wapi.

Siku moja alimwona binti yake wa pekee akipanga nyanya katika beseni la mama yake. Beseni lilikuwa limebonyea upande mmoja.

"Mama," fundi alisema. Ndivyo alivyozoea kumwita binti yake. "Unakwenda wapi na hilo?"

"Barabarani, baba."

"Liweke chini."

"Nikiliweka chini, shamba la mama tulifanyeje? Nyanya zinaoza. Na sisi tule nini? Upepo?"

Wakati mwingine wangecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Fundi alichukua beseni, akalifungia ndani. Lakini alijua kwamba mlango hauwezi kufunga njaa.

Jioni, jirani yao alikuja kuwajulia hali. Alifanya kazi ya kupima uzito wa malori, kwa hiyo watu walimwita Dada wa Mizani. Alikuwa rafiki wa marehemu.

"Shemeji, nimesikia binti anataka kukimbia."

"Nimemkataza. Lakini nitamlinda mpaka lini?" Fundi aliinama. "Barabara hii imenimaliza, dada. Walisema italeta maendeleo. Mimi imeniletea kaburi."

Dada wa Mizani aligeuka kuitazama barabara.

"Shemeji," alisema, "mimi nayapima malori yale kila siku. Yanatoka bandarini yamejaa mbolea, nguo na mabati. Yanapeleka nchi jirani zisizo na bahari. Unajua yanarudi na nini?"

"Sijui."

"Mengi yanarudi matupu. Mwenye lori anachoma mafuta njia nzima bila mzigo. Akipata mzigo wa kurudia, anaubeba kwa bei nafuu. Na huko bandarini kuna mji mkubwa, unakula nyanya na vitunguu kila siku."

"Lori zima litasimama kwa beseni moja?"

"Halitasimama. Ndiyo sababu mnakufa. Kila mmoja anakimbilia lori na beseni lake. Lakini mavuno ya mtaa mzima yakiwekwa pamoja, yamechambuliwa, yako kwenye makreti, hiyo ni shehena ya kujaza lori. Barabara kubwa ni kama mto. Ukipita kando ya shamba lisilo na mfereji, shamba linakauka huku maji yanaonekana."

"Mfereji wenyewe uko wapi?"

Dada wa Mizani alionyesha ardhi waliyokalia. "Malori yanaingia humu kujaza upepo, hayaingii? Dereva anashuka mwenyewe. Ni nani amewahi kukimbia kumfuata?"

Kesho yake aliwaita wauzaji wote uani. Mkubwa wao, Bibi Vitunguu, aliketi juu ya tairi kuukuu, amekunja uso.

"Tukiwa pamoja tutafika," Dada wa Mizani alianza. "Kidole kimoja..."

"Hakivunji chawa," Bibi Vitunguu alimkatiza. "Mwanangu, chawa tunawajua sisi. Tuambie habari ya wateja. Tangu lini mnunuzi akamfuata muuzaji? Nikikaa humu uani, mwenzangu atabaki nje akigusa milango peke yake."

Wengi waliguna kukubali. Hilo ndilo lililowafunga. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuacha kukimbia.

Wachache tu walijaribu. Walirundika nyanya zao pamoja, mbivu na mbichi, nzima na zilizopasuka. Dereva wa lori tupu aliingia kujaza upepo, akazitazama, akatikisa kichwa.

"Mzigo huu utafika mchuzi," alisema. "Sipakii uozo, dada zangu."

Akaondoka. Waliokuwa nje walicheka kwa dhihaka. "Haya, mabosi wa kivulini! Lori lenu liko wapi?"

Fundi alirudi kwenye tairi lake. Moyo wake ulisema, hata hili nalo limekufa. Alipogeuka kumtafuta binti yake, mlango wa chumba ulikuwa wazi. Beseni halikuwepo.

Alimwona kando ya barabara, kati ya wanawake wengine. Lori lilikuwa linakuja. Binti alianza kukimbia. Alikuwa na mbio kama za mama yake. Aliinua mkono.

Fundi aliruka mtaro, spana bado mkononi. Hakuita. Alilishika gauni la binti begani, akalivuta kwa nguvu zake zote, wote wakaanguka chini kwenye changarawe. Beseni lilibingirika kando. Nyanya zilimwagika juu ya lami, na matairi ya lori yakazikanyaga, moja baada ya jingine.

Wanawake walitazama wekundu ule barabarani. Walikuwa wameuona pale pale siku nyingine, na siku ile hazikuwa nyanya.

Bibi Vitunguu alishusha beseni lake kichwani. Alivuka mtaro, akaingia uani, akaliweka chini.

"Njoo utufundishe kuchambua," alimwambia Dada wa Mizani, aliyekuwa bado uani. "Mimi sigusi tena mlango."

Wengine walimfuata, wote. Hapakubaki mtu nje wa kuogopwa.

Walijifunza polepole. Nyanya za safari huchumwa kabla hazijaiva kabisa. Zilizopasuka hutengwa. Kreti halijazwi kupita ukingo, zisije zikapondana. Vitunguu hukaushwa kwanza. Kila mzigo hupimwa mbele ya mwenyewe, bei huwa moja, na anayezungumza na dereva ni mwenye zamu. Fundi alisawazisha ua ili lori lenye tela liweze kugeuka, akajenga choo na kuweka maji ya kunawa. Madereva waliambiana.

Yule dereva aliyekataa uozo alirudi. Alitazama makreti kwa muda mrefu.

"Sasa huu ni mzigo," alisema, akafungua turubai.

Siku hizi malori matupu yanayorudi bandarini huingia uani na kupakia. Mashamba yaliyoachwa mauzo yalipokwama yamelimwa tena. Binti wa fundi anasimamia mizani. Hakuna anayekimbia.

Hakuna pia anayecheka kama Mama Kicheko. Fundi bado huinua kichwa kila lori linapopita, akisikiliza.

Beseni lililobonyea halivuji. Fundi hulitia maji kila asubuhi, na ndilo analotafutia pancha.