Mkono Bila Kitambaa

Ekzosi ilikuwa na joto kabla haijafungwa popote. Musau aliitoa kwenye boksi asubuhi ya Alhamisi, mwezi wa saba, wakati ukungu wa vilima vya Iveti umeshuka hadi mjini Machakos na kila mtu anapuliza vidole vyake. Akaishika, akaiachilia, akaishika tena. Haikuwa ya kuunguza. Ilikuwa vuguvugu, kama shati lililovuliwa sasa hivi.

"Kimeu, hii kitu uliiweka kwa jiko?"

"Jiko ya nini? Ni injini ndio imeipasha."

Boksi lilikuwa limekuja limefungwa kwenye keria ya pikipiki ya Kimeu, nyuma kabisa, mbali na injini. Lakini mtu uliyekula naye sahani moja tangu darasa la kwanza akikupa jibu, hulipimi kwa rula. Kimeu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Athi River, na ndiye aliyesimama kanisani kuwa baba wa ubatizo wa Kasiva, mtoto wa pekee wa Musau. Hata mabati ya gereji ya Musau pale Mumbuni ni Kimeu aliyeyaleta. Musau hakuwa na ndugu wa tumbo moja. Alikuwa na Kimeu, na aliona inatosha.

Alijua pia kwamba rafiki yake ana mzigo. Muema, mtoto wa Kimeu, miaka minane, alikuwa kitandani tangu mwezi wa nne, anapumua kwa shida, na madaktari walikuwa wamempima hadi wakachoka. Musau na mkewe Kavutha walimwombea kila jioni. Kwa hiyo Kimeu aliposema anataka ekzosi mpya kwenye pikipiki yake kubwa ya safari, ile ya masanduku pembeni aliyokuwa akienda nayo mpaka Mombasa, Musau alifurahi. Mwanamume anayefikiria barabara tena ameanza kupata nafuu. Ndivyo alivyodhani, maskini.

Alitoa sanduku la pembeni lililokuwa likimzuia, akafungua nati, akaondoa ekzosi ya zamani, akakwangua gasketi iliyoungua na kutia mpya. Kabla ya kuifunga ekzosi mpya alimulika tochi kwenye mdomo wake, aone kama kuna taka. Kioo cha tochi kikaingia ukungu. Alikipangusa kwa shati akamulika tena. Ukungu ukaja, ukaondoka, ukaja, kwa mpigo wa mtu aliyelala. Ndani mlinukia dawa ya kupaka kifuani, ile ya watoto.

Musau aligeuka aseme kitu. Kimeu alikuwa anaangalia barabarani, na mgongo wake haukukaribisha maswali. Musau akaendelea na kazi, akakaza nati, akavuta springi mbili mahali pake.

Sasa, ukishafunga ekzosi lazima ujue kama inavuja kwenye maungio. Fundi huwasha injini, na kabla bomba halijapata moto anaziba mdomo wake kwa sekunde mbili tatu, asikilize ni wapi panapuliza. Wenzake wote huziba kwa kitambaa kilichokunjwa. Musau aliziba kwa kiganja kitupu, na kwa hilo alikuwa na majivuno yasiyo na dawa. Alisema kitambaa kinaficha lakini ngozi haifichi kitu. Wenye bodaboda walimtania kwamba siku moja atakaangika. Kimeu alikuwa ameona hayo mara mia.

Siku hiyo Musau aliwasha injini, kisha akachukua kitambaa. Hakujua kwa nini.

"Tangu lini?" Kimeu akasema kwa sauti ya chini. "Wacha hiyo kitambaa. Mimi naamini hiyo mkono yako."

Musau akacheka, akatupa kitambaa, akaweka mkono.

Ekzosi yoyote ikizibwa husukuma, kwa sababu kazi yake ni kutoa. Hii ilivuta. Ilivuta kiganja chake polepole, pumzi moja ndefu isiyo na mwisho, na baridi ikapanda kutoka kiganjani hadi kiwikoni, hadi kwapani, na mlio wa injini ukafifia ingawa hakuna aliyeizima, na katika kimya kile Musau akahisi kitu kikivuka kuja kwake bila haraka, kikijua njia, na alipoinua macho aombe msaada aliona Kimeu amefumba macho yake na midomo yake inahesabu.

Kisha akaachiliwa. Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Kiganjani palibaki duara jekundu lisilouma, na ekzosi, ambayo kufikia hapo ingepaswa kuwa moto, ilikuwa baridi.

"Inavuja?" Kimeu akauliza.

"Haivuji."

"Asante, ndugu yangu."

Kimeu alikuwa analia. Musau alimpigapiga begani na kumwambia Mungu atasaidia, Muema atapona. Kimeu akavaa kofia yake ya chuma haraka, akaondoka.

Saa tisa na nusu Kasiva alirudi kutoka shule. Alikuwa na miaka sita, amepewa jina la nyanya yake, na kwa hiyo babake alimwita mwaitu, yaani mama, jinsi Wakamba wanavyomheshimu aliyerudi katika jina. Kila siku alipitia gereji, akatupa begi chini na kukimbia moja kwa moja hadi kifuani kwa babake. Musau alimnyanyua kama siku zote. Mtoto akafungua mdomo acheke, na kicheko hakikutoka, wala kilio hakikutoka, na macho yakamtoka pima huku shingo inavutika na mbavu zinaingia ndani, na kutoka kifuani mwake ukasikika mlio ambao fundi yeyote anaujua, mlio wa injini kubwa iliyowashwa ikaachwa tu, dum dum dum, kuruka mpigo, dum dum dum, kuruka, na harufu ya moshi ikatoka puani mwake.

Musau alimweka chini kwa hofu, akamwachilia. Mtoto akapumua.

"Baba," alinong'ona, "mbona uliniziba mdomo?"

"Sikukuziba, mwaitu. Nilikuwa nimekushika mgongo."

"Kulikuwa na mkono kwa mdomo yangu."

Kavutha alimkimbiza hospitali. Daktari alisema ni pumu, na akauliza mtoto anaishi karibu na nini. Aliposikia neno gereji alitikisa kichwa: mafuta, moshi, petroli kwenye nguo za baba; asimguse kabla ya kuoga na kubadili nguo. Jioni hiyo hiyo Kavutha alipata ujumbe kutoka Athi River, akamsomea mumewe akiwa mlangoni. Muema ameamka mchana huu. Anapumua vizuri. Ameomba chapati.

"Angalau huko Mungu amesikia," akasema.

Musau alifurahi, na alifurahi kweli. Hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi baadaye, kwamba alipiga magoti akashukuru.

Alijisugua kwa sabuni ya unga na ndimu hadi ngozi ikachubuka. Jumamosi mchana, akiwa na nguo za kanisani, akaingia chumbani ambamo Kasiva alikuwa amelala na kumgusa kidole kimoja cha mguu. Kifua cha mtoto kikasimama. Mlio ule ukaanza. Na kwenye kiganja chake mwenyewe lile duara likavuta, polepole, kama ekzosi ilivyomvuta. Alitoka mle ndani kinyumenyume.

"Umemgusa tena?" Kavutha alikuwa ukumbini. "Musau, daktari alisema nini?"

"Kavutha, hii si petroli."

"Ni nini basi?"

Alimweleza: ekzosi yenye joto, ukungu kwenye tochi, mkono uliovutwa. Kavutha alimsikiliza hadi mwisho, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga.

"Kimeu amenipigia simu mara tatu leo kuuliza mtoto," akasema. "Anatafuta mashine ya kupumulia, atuletee. Na wewe unakaa hapa unamwambia mke wako mambo ya majini?"

Jumatatu Musau alikwenda mtaa wa Mjini bila kumwambia mtu, kwa Mwalimu Ayub, mzee aliyefundisha madrasa na ambaye watu wa dini zote humwendea wakiwa wameishiwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka. Mwalimu alimwekea bakuli la maji, akamwambia aweke kiganja juu yake bila kuyagusa, akaanza kisomo.

Maji yalishuka. Hayakumwagika, yalipungua tu bakulini, kidogo kidogo, na duara la kiganjani likalowa, na Mwalimu akapandisha sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo chumba kilivyojaa harufu ya moshi na ya dawa ya kifua, na pazia likavutwa kuelekea kwenye mkono wa Musau ingawa nje hapakuwa na upepo, na kutoka katikati ya kiganja, mahali pasipo na mdomo, ikatoka sauti ambayo Musau aliijua tangu utotoni, sauti ya Kimeu, ya chini, ya upole, ikisema, "Mimi naamini hiyo mkono yako."

Mwalimu Ayub alifunga msahafu. Alikuwa ametoka jasho.

"Jini huyu hakukuvamia," akasema. "Umekabidhiwa. Mtu alimfuga kwa ajili ya mali, jini akadai pumzi za mtoto wake. Ili amtoe, ilibidi apokelewe kwa mkono mtupu na mtu anayempenda yule mfugaji, asiyejua anapokea nini."

"Mtoe, Mwalimu."

"Siwezi kumfukuza aliyekabidhiwa. Aliyekupa akimchukua tena kwa hiari yake, atatoka. Ama umpe mwingine namna ile ile. Mtu anayekupenda, akupe mkono." Akamtazama. "Sikufundishi hilo, mwanangu. Nakwambia ili ujue ulilofanyiwa."

Mchana huo huo Musau alifika Athi River, ambako vumbi la saruji lilikuwa limekaa juu ya kila ua. Kimeu alikuwa nyuma ya nyumba akiosha pikipiki, na alipomwona Musau hakuja kumsalimia. Alizunguka akasimama upande wa pili, pikipiki ikawa katikati yao.

"Niambie ni uongo," Musau akasema.

Kimeu alikamua sponji. "Si uongo."

"Kimeu."

"Duka ilikuwa inakufa. Nikaletewa huyo kitu kutoka mbali, nikaambiwa hakuna shida. Halafu ikaanza kwa Muema. Kila usiku, Musau. Nilikuwa naisikia ikimnyonya." Alizungumza haraka, macho chini. "Yule wa kunisaidia alisema nimwingize kwa kitu inapumua. Nikafikiria ekzosi. Halafu nikafikiria vile wewe hupima."

"Mafundi wamejaa Machakos nzima."

"Ilikuwa lazima awe mtu ananipenda."

Musau alisikia neno hilo likimwingia kama bisibisi. Mtu akikuibia kwa sababu ana njaa, unaweza kumwelewa. Lakini kuchaguliwa kwa sababu unapenda, urafiki wako ukapimwa na kuonekana unafaa kuwa mlango, hilo alishindwa kulielewa. Akanyoosha mkono juu ya kiti cha pikipiki.

"Mchukue," akasema. "Nipe mkono, ndugu yangu. Uko na kosa, lakini nitasahau. Nipe tu mkono."

Kimeu aliificha mikono yake nyuma ya mgongo. Mtu mzima, mwenye duka.

Mlango wa jikoni ukafunguka, Muema akatoka mbio, amenenepa mashavu, amemwona rafiki wa babake. Musau akauficha mkono wenye duara mfukoni, na mtoto akasimama mbele yake kwa adabu, akangoja asalimiwe.

"Wakya," Musau akasema.

"Aa," mtoto akaitikia, akanyoosha mkono.

Mkono wa Musau ulikuwa umeshatoka mfukoni. Ulitoka wenyewe ama aliutoa, hata yeye hakujua. Duara lilikuwa linapiga. Ulikuwa umebaki upana wa kidole kati ya viganja vyao, na Kasiva angelala usingizi wake usiku huo, angemkimbilia kesho, na jini angerudi kwa wenyewe, na nani angesema hakuna haki hapo? Kimeu alikuwa amepiga magoti kwenye maji ya sabuni.

"Musau, tafadhali," alinong'ona. "Huyo hajui kitu."

Hata Musau hakuwa anajua kitu. Alitaka kumwambia hivyo. Alimtazama mtoto, aliyekuwa anamtabasamia kwa imani yote.

"Niko na mafuta mkononi, mwana," akasema, akaurudisha mfukoni, akaenda zake.

Jumapili, baada ya misa, watu walikuwa wametapakaa kwenye uwanja wa kanisa. Musau alikaa langoni; siku hizi alilala gerejini na chakula aliletewa. Aliona Kavutha akishuka ngazi, na nyuma yake Kimeu, aliyekuwa ameleta ile mashine ya kupumulia, na akina mama wa kwaya walikuwa wakimsifu. Kasiva alikuwa mikononi mwa Kimeu. Alikuwa ameshika kola ya baba yake wa ubatizo na alikuwa anapumua bila shida yoyote.

"Si umsalimie mtoto?" Kavutha akasema walipofika langoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hata kumkaribia hutaki. Mtu wa nje ndio anambeba."

Kimeu alitazama viatu vyake.

"Baba," Kasiva akasema, "kwani nilikukosea?"

"Hapana, mwaitu. Hujanikosea."

Mtoto akajinyoosha kutoka begani kwa Kimeu, mikono yote miwili mbele, achukuliwe. Musau alikuwa hatua tatu kutoka kwake, mikono mifukoni, hajamgusa. Alisikia pumzi yake ikikwama. Kisha, taratibu, kutoka kwenye kile kifua kidogo, dum dum dum, kuruka.

Akarudi nyuma hatua moja. Mlio haukukoma. Akarudi ya pili, na ya tatu, hadi ng'ambo ya barabara ndipo ukakoma, huku binti yake akimlilia na watu wote wa kanisa wakimwangalia baba anayemkimbia mtoto.