Ushuhuda Uliotangulia Uponyaji

Ndugu zangu wa Malvern, nanyi wa Jeppestown mnaokuja kusali kwetu, nataka kuwasimulia jambo ambalo hata mimi nina hatia nalo. Naitwa Thérèse, msusi wa Jules Street. Mkisikia najilaumu humu, msinionee huruma, nastahili.

Jumapili katika nyumba ya mama Angélique, mshonaji na mwenzetu wa kanisani, zilikuwa tamu. Sombe, yaani majani ya muhogo, iko jikoni, cherehani imefunikwa kitambaa, mumewe Placide amevua sare ya ulinzi na kujinyoosha kwenye kochi, na mtoto wao Elisée anataniana na kila anayeingia. Elisée aliletwa kutoka Bukavu akiwa na miaka tisa. Shuleni wakamfundisha raga, mchezo ambao sisi wazee wake hatukuuelewa, na mwaka 2015, akiwa na miaka ishirini, timu moja ya kulipwa hapa mjini ikampa mkataba. Alivaa namba kumi. Namba kumi ndiye anayeamua mpira uende wapi: anaita mbinu kwa maneno ya siri, na wenzake kumi na wanne wanamfuata. Sisi ambao hatukuweza hata kukubaliana nani ashike funguo za kanisa, tulijivunia sana kijana wetu aliyesikilizwa na Wazulu na Makaburu kwa pamoja.

Mei 2017 akagongwa kichwa. Alianguka, akanyanyuka, akatapika pembeni mwa uwanja. Timu ikampumzisha. Nyumbani alifunga mapazia na kumwomba mama yake asishone, kwa sababu sauti ya cherehani ilimwingia kichwani kama msumari. Jumapili mchungaji André pamoja na sisi sote tukamwekea mikono. Tulipomaliza, Elisée alisema anajisikia afadhali. Basi, hakusema zaidi.

Jumapili iliyofuata mama Angélique alishika maikrofoni, akatangaza kwamba mwanawe amepona kabisa. Mnajua ushuhuda ulivyo hapa kwetu. Ukishautoa, hauna kurudi. Mtu akiumwa tena, tunanong'ona kwamba imani yake ilikuwa haba. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Laiti ningemtazama Elisée, ningemwona amefumba macho kwa maumivu ya mlio wa ngoma.

Siku chache baadaye daktari wa timu alimuuliza kama kichwa bado kinamsumbua. Akajibu hapana. Akapangwa kucheza Jumamosi.

Alhamisi kabla ya mechi hiyo nilikuwa nikitoka kununua nywele za kusukia, nikaliona gari lake kwenye robot, taa za barabarani za Jules Street. Taa ikawa ya kijani, ikawa nyekundu, ikarudi kijani, naye hasogei. Teksi nyuma yake zinapiga honi. Nikagonga kioo.

"Elisée, mbona hauendi?"

"Tantine," akasema, maana ndivyo anavyoniita, shangazi, "kwetu ni kushoto ao kuume?"

Alikuwa mita mia mbili kutoka nyumba aliyokulia. Nikaingia ndani ya gari, nikamwelekeza polepole mpaka mlangoni, kisha nikamuuliza hali hiyo imeanza lini.

"Haijaisha tangu siku ile," akasema. "Leo kwenye mazoezi nimeita mbinu ya zamani, ya wakati nilikuwa shuleni. Wenzangu wakabaki wananiangalia. Nikacheka, nikasema nilikuwa natania."

"Umwambie daktari."

"Siwezi, tantine. Maman alishashuhudia. Nikisema naumwa, namufanya muongo mbele ya kanisa yote."

Nilimwacha alale, nikamfuata mama yake kwenye cherehani na kumweleza yote. Hakushtuka.

"Nilijua," akasema. "Anasahau mpaka majina ya watu. Lakini nitarudi pale mbele niseme nini, Thérèse? Kwamba Mungu ameshindwa?"

Hasira zilinipanda, na nyingine zilikuwa juu yangu mwenyewe. "Mungu hakukutuma useme amepona kabisa. Mutoto alisema afadhali. Wewe ukaongeza, na miye nikakushangilia. Jumamosi akigongwa tena, tutamwambia Mungu nini?"

Akalia, nami nikalia naye.

Ijumaa tuna maombi ya saa saba mchana. Elisée alikaa karibu na baba yake, amevaa miwani ya jua. Mama Angélique akaomba maikrofoni.

"Wapendwa, ule ushuhuda wangu nauondoa. Mutoto yangu hajapona. Niliharakisha. Mungu hana kosa, kosa ni yangu. Elisée, uko huru kusema."

Elisée alisimama ameshika kiti cha mbele.

"Naumwa," akasema. "Na mechi ya kesho naiogopa."

Placide, ambaye huwa hasemi kitu kanisani, akamwambia, "Twende." Wakatoka wote watatu, wakampigia daktari wa timu simu kutoka kwenye ngazi za nje. Mchungaji André akauliza kama kuna wengine wanaoficha maumivu kwa sababu walishashuhudia. Mikono saba ikainuka. Mmoja wao alikuwa na kisukari alichodai kuponywa tangu 2014.

Hospitalini wakasema ubongo wa Elisée haujapona, na kwamba pigo jingine mapema hivyo lingeweza kumuua. Alikaa nje msimu mzima. Timu haikumwongezea mkataba, na jambo hilo lilimuuma sana. Lakini kichwa kilitulia, majina yakarudi, na mwishoni mwa 2018, baada ya vipimo vingi, timu nyingine ndogo ikamchukua. Leo, mwaka 2019, amevaa tena namba kumi, na akigongwa anamwita daktari yeye mwenyewe.

FUNZO

Kumwombea mgonjwa ni jambo jema, nami sijaacha. Lakini mwenye mwili ndiye mwenye habari zake. Kabla hujamtangaza mtu mbele ya watu, mketishe pembeni umuulize, na akisema bado anaumwa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Ushuhuda hauozi, unaweza kusubiri vipimo vya daktari. Na kama umeshautoa kabla ya wakati wake, rudi uuondoe. Mama Angélique aliona aibu mchana mmoja tu, na mwanawe yu hai.