Kidole Gumba kwa Swali la Ndoa

"Kidole gumba!"

Mshonaji alisimamisha cherehani. Mchumba wake alikuwa mlangoni, simu mkononi, jasho linamtiririka.

"Hata hodi hakuna?"

"Hodi ya nini? Nakuuliza mambo ya maisha yetu, unanijibu kidole gumba na maua! Mimi mtoto?"

"Ujumbe upi?"

"Wa jana! Ofisi wananihamisha mbali, miaka miwili. Nikakuuliza, tufunge ndoa haraka twende wote, au tuachane? Ukanipa kidole. Nikauliza tena, 'Una hakika unataka tuachane?' Ukaniletea maua!"

Mshonaji alikuwa amedhani ni ule ujumbe wa mchumba wake wa kila mchana, wa kumuuliza kama amekula.

Ukweli wenyewe ni huu: mshonaji hakujua kusoma. Ujumbe wote wa mapenzi alikuwa akisomewa na shoga yake msusi, chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao. Lakini msusi alikuwa hawezi kusoma kimyakimya. Alisoma kwa sauti ya mnadani, wateja wamekaa na vichwa nusu vimesukwa, mpaka mmoja wao akamsalimia mshonaji sokoni, "Hujambo, ua la moyo wangu?" Siku hiyo aligombana na msusi. Tangu hapo mshonaji alikuwa akijibu mwenyewe, kwa picha, na kuomba Mungu.

"Simu ilikuwa haina chaji," alisema.

"Isiyo na chaji imetumaje maua?"

"Nilikuwa na mteja."

"Nimeshamwandikia mama hakuna harusi! Ofisi wanataka jibu leo, naenda peke yangu au na mke. Haya, shika simu. Usome kwa sauti, unieleze kidole kilijibu lipi."

"Sina miwani."

"Tangu lini unavaa miwani? Wewe unatunga uzi kwenye sindano huku unaongea na watu!"

"Nisomee wewe."

"Nimechoka! Kama umepata mwingine, sema."

Hapo mshonaji naye akachoka. Aliichomoa nguo kwenye cherehani akaitupa mezani.

"Sijui kusoma! Umefurahi? Sijui! Ningeachana na wewe kwa maua mimi, nina wazimu?"

"Si nilikwambia umwambie!" sauti ya msusi ikapenya ukutani.

"Wewe suka huko!" wote wawili walimjibu kwa pamoja.

Kijana, mchumba wake, akakaa juu ya furushi la vitambaa. Mtaani walimwita Bwana Mtandao, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kuzunguka sehemu ambazo mtandao umefika juzi, kuwafundisha watu wasiojua kusoma watumie intaneti.

"Mwaka mzima," alisema taratibu. "Nafundisha vijiji vizima. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Ulivyorudi safari ile ukamwigiza yule mzee aliyeshika simu juu chini! Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi nilicheka na wewe, halafu ulipoondoka nikalia."

Kijana akaanza kukunja kona ya kitambaa alichokalia.

"Na hiyo programu yenu niliijaribu kwa siri," mshonaji aliendelea. Sasa yalikuwa yamemfika shingoni. "Ile yenye sauti ya dada. Dada anakaribisha vizuri, 'Karibu, hapa huhitaji kujua kusoma.' Nikafurahi. Halafu anasema, 'Tafadhali soma masharti yafuatayo.' Maandishi kama siafu! Nikabonyeza cha kijani. Mpaka leo sijui nimekubali nini."

"Masharti yaliandikwa na wanasheria."

"Basi wape wanasheria waitumie!"

Nyuma ya ukuta wateja walicheka. Kijana hakucheka. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Nisamehe," alisema. "Kwa yule mzee, na kwa kukuandikia barua ndefu badala ya kuja hapa nikuulize. Niliogopa utakataa. Kwenye simu nisingeuona uso wako."

"Na mimi uso wangu ndio ninaojua kuutumia, bwana!"

Kijana akanyanyuka, akasogea mpaka kwenye meza.

"Nakuuliza kwa mdomo basi. Utakwenda na mimi?"

"Nitakwenda. Nakupenda, ingawa leo umenichosha mpaka basi. Ila cherehani inakwenda na sisi, na kusoma utanifundisha siku nitakayotaka mimi. Ukinicheka mara moja tu, narudi."

"Sikucheki."

Simu ikaita mkononi mwa kijana. Alitazama kioo akaguna.

"Mama huyo. Ananipigia tangu asubuhi, amekasirika."

"Lete."

"Subiri kwanza nimweleze..."

"Lete simu!"

Mshonaji akaipokea, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama. Ni mimi, mchumba wa mwanao."

"Marahaba. Nasikia umemwacha mwanangu."

Mshonaji aliona bora limtoke mwenyewe kuliko watu wamtangulie.

"Sijamwacha, mama. Aliniuliza kwa maandishi, na mimi sijui kusoma. Nakwambia mwenyewe. Kama hunitaki kwa hilo, uniambie sasa hivi nikiwa nasikia."

Nyuma ya ukuta kiti kilikwaruza, mtu akisogea karibu.

"Hujui kabisa?" mama aliuliza.

"Kabisa, mama."

"Kwa hiyo ukitaka kunisalimia utafanyaje?"

"Nitakupigia."

"Alhamdulillahi!" Mama alishusha pumzi nzito. "Mimi kusoma najua, lakini huyo mwanangu nimemzaa kwa uchungu, sauti yake siijui tena. Nikimpigia hapokei, ananiandikia 'nipo kikaoni.' Nimeumwa wiki mbili nauguzwa na 'nipo kikaoni'! Mwanangu, ukifika huko unipigie kila Ijumaa."

"Nitakupigia, mama."

"Huyo mwenzio yupo hapo?"

Kijana akainama karibu na simu. "Nipo, mama."

"Waandikie ofisini kwamba mnakwenda wawili. Kuandika si ndiyo kazi yako? Halafu ukimaliza nipigie, unisalimie kama mtu."