Hatuimbi Vita

Nilinyanyua mikono yote miwili kuanza. Shemsa, mwimbaji wangu mkuu, akafunga kitabu cha nota... akashuka jukwaani.

Mbele ya watu.

Kwaya nzima ikamfuata.

"Shemsa, unakwenda wapi?"

"Utusamehe, Mwalimu. Hatuimbi vita."

Nyie mnaosoma, mikono yangu ilibaki hewani kama ya mtu aliyeelekezewa bunduki.

Naitwa Asmahan, mtoto wa Unguja niliyekulia Birmingham. Nilikuwa mwimbaji wa opera mpaka nilipopasuliwa koo. Sauti ikaenda, haikurudi. Nikageuka kondakta. Wa okestra, jamani, maana Waswahili wa hapa nikiwaambia hivyo wananiuliza, "Wa basi la wapi?"

Nilitaka kufufua muziki wa Italia uliosahaulika. Nilipata opera moja ambayo hakuna aliyeitaka. Kumbi zote zinataka zile zile zinazojaza viti.

Nikasema nitaifufua na watu wangu. Irabu za Kitaliano na zetu ni ndugu. Waingereza wanahangaika na "a" mwaka mzima, vijana wetu wa mtaa wa Lozells waliifungua siku ya kwanza.

Mwishoni mwa opera hiyo msichana anakufa huku anaaga: "Vita... vita mia..."

Kwa Kitaliano, vita ni maisha, na mia ni yangu. Niliwaeleza mapema, tukacheka sana.

Ukumbi ulitupa jioni moja tu, vuli ya 2005. Tukishindwa, zile nota zinarudi kabatini, na mimi sina tena wa kunisikiliza.

"Shemsa, unajua ni maisha!"

"Mama kasema ni vita."

Mama yake ni Bi Barwako, mtu wa Barawa, pwani ya Somalia. Kila mazoezi alituletea chai ya iliki. Ndiye aliyenibembeleza nimchukue binti yake.

Wapigaji nao wakaanza kufunga vyombo. Akabaki Kishore, Mhindi wa Kisumu, na fidla yake.

"Kondakta, abiria wameshuka," akaninong'oneza. "Twende ama tuegeshe?"

"Piga."

Akapiga. Nikafungua kinywa niimbe mwenyewe sehemu ya yule msichana. "Vita..."

Ikatoka pumzi tupu.

Watu wakaanza kuvaa makoti.

Nilimkuta Bi Barwako kwenye korido, ameshika koti la Shemsa.

"Umeniua, Bi Barwako. Lile neno kwa Kitaliano ni..."

"Maisha," akanikatiza. "La vita. Mimi nimesomeshwa na masista wa Kitaliano Mogadishu, mwanangu."

Nikaegemea ukuta.

"Ulijua?"

"Kabla hujazaliwa."

"Sasa kwa nini umewaambia watoto..."

Akautazama mlango kwanza.

"Mabomu ya London yamelipuka mwezi wa saba. Mwezi wa nane kijana wangu Suhaib yuko ndani ya basi, anaongea na mwenzake kwenye simu. Kasema, 'Jumamosi ni vita.' Mpira, Asmahan. Walikuwa na mechi. Kuna aliyemsikia, akawaita polisi."

Nilidhani Suhaib yuko chuo. Ndivyo Bi Barwako alivyotuambia sote.

"Yuko wapi?"

"Wamemchukua. Hawajanirudishia."

"Lakini huku ni Kitaliano, Bi Barwako. Tungeeleza..."

"Utamweleza nani? Mazoezini tulikuwa wenyewe kwa wenyewe, leo ukumbi una wageni. Kinywa cha Mswahili kikisema vita, wataleta mkalimani wa Kiswahili. Wa Kitaliano hawamleti."

Nikamsaidia kubeba birika la chai mpaka kituo cha basi.

Ukumbi haukutupa jioni nyingine. Shemsa anauza nguo Northfield, na nikipita ananiamkia, lakini haimbi. Suhaib alirudi baada ya muda mrefu. Haongei Kiswahili tena, hata na mama yake.

Zile nota ziko kabatini kwangu. Huwa nazisoma kimya.

Mnataka funzo? Mimi niliamini ukijua maana sahihi ya neno umeshajikinga. Haikingi kitu, ndugu zangu, kama anayekusikiliza ameshaitafsiri sura yako.